Ngano, Vijidudu na Masharti ya Uhai

Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki neno kijidudu halina sifa njema. Ndilo neno linalotajwa maji yanapochemshwa, mikono inaponawishwa na mtoto anapokatazwa kula kilichoanguka chini. Kwa sababu hiyo mkulima wa ngano anayeingia katika duka la pembejeo Narok, Njoro au Eldoret kabla ya msimu wa kupanda, kisha akaoneshwa chupa ndogo inayosemekana kubeba mamilioni ya vijidudu vya kupaka mbegu, ana haki ya kushangaa. Upande mmoja wa duka imepangwa mifuko ya mbolea ya DAP ya kilo 50, ambayo bei yake anaijua kwa uchungu. Upande wa pili, mara nyingi kwenye rafu iliyo karibu na dirisha linalopigwa na jua, kuna chupa na vipakiti vinavyoahidi mavuno makubwa kwa gharama ndogo. Je, ahadi hiyo ni ya kweli, au ni njia nyingine ya kumvua mkulima shilingi zake za mwisho?

Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo umepimwa mashambani katika nchi nyingi. Hata hivyo kinachouzwa ndani ya chupa si kemikali bali ni uhai, na uhai una masharti: hauvumilii joto la rafu, hauvumilii dawa kali iliyopakwa kwenye mbegu, wala haustawi katika udongo uliokwisha kuharibiwa na asidi. Wanaoharakisha kuisambaza mbolea ya vijidudu kabla masharti hayo hayajatimizwa wanamtwika mkulima hasara ya kosa lisilo lake, na wakati huohuo wanaiharibia jina teknolojia ambayo wakulima wa ngano wanaihitaji kwa dhati.

Jambo hili halimhusu mkulima peke yake. Kenya huvuna chini ya robo ya ngano inayoitumia, na Tanzania nayo hutegemea ngano ya nje kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake, hivi kwamba chapati ya Jumapili, mandazi ya asubuhi na mkate wa dukani hubeba bei zilizopangwa mbali na jiko la anayevipika. Vita vilipozuka Ukraine mwezi Februari mwaka 2022, pigo lilikuja mara mbili: ngano ya Urusi na Ukraine ilipungua sokoni, na bei ya mbolea, iliyokuwa imekwisha kuanza kupanda mwaka uliotangulia, ikazidi kupaa hadi mfuko mmoja wa DAP ukavuka shilingi 6,000 nchini Kenya. Serikali ililazimika kutoa ruzuku, mfuko ukauzwa kwa shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huohuo na kwa shilingi 2,500 mwaka uliofuata. Lakini ruzuku hutoka katika kodi, na kodi hulipwa na yuleyule anayenunua unga. Kwa hiyo njia yoyote inayoweza kuifanya kilo moja ya mbolea itoe kazi zaidi ni jambo la sinia la chakula kabla halijawa jambo la maabara.

Kilichomo ndani ya chupa

Mbolea ya vijidudu ni bakteria au kuvu walio hai, waliokuzwa katika maabara na kuchanganywa na kitu cha kuwahifadhi, kama vile mboji laini au kimiminika chenye virutubisho, ili wapakwe kwenye mbegu au wamiminwe katika mfereji wa kupandia. Aina inayojulikana zaidi ni rizobiamu, bakteria wanaoingia katika mizizi ya maharagwe, kunde na soya na kujenga vinundu vidogo, ambamo naitrojeni, gesi inayofanya asilimia 78 ya hewa lakini ambayo mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo, hugeuzwa kuwa chakula cha mmea. Siri hiyo ilifichuliwa Ujerumani mwaka 1886 na Hermann Hellriegel, na miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza peke yao.

Ngano haimo katika jamii ya mikunde. Ni ndugu wa nyasi, pamoja na mahindi, mpunga na mtama, na mizizi yake haijengi vinundu vya aina hiyo. Hivyo muuzaji anayemhakikishia mkulima wa ngano kwamba chupa moja itachukua nafasi ya mbolea yote ya naitrojeni anaazima sifa ya soya na kuivika ngano. Bakteria wanaoifaa ngano ni wengine, na wanaoongoza kati yao huitwa azospirilamu, ambao huishi juu ya mzizi na katika tabaka zake za nje bila kujengewa nyumba maalumu. Ni kweli kwamba bakteria hao nao hunasa naitrojeni ya hewani, lakini kwa kiasi kidogo. Mchango wao mkubwa ni homoni wanazozitoa, yaani kemikali zinazoamuru ukuaji, ambazo huufanya mzizi utoe matawi mengi zaidi na vinyweleo vingi zaidi, na mzizi wenye vinyweleo vingi hufikia maji na virutubisho ambavyo vingeupita.

Tofauti hii inastahili kushikwa vizuri, kwa sababu ndiyo inayotenganisha matumaini na udanganyifu. Azospirilamu huisaidia ngano kukipata kilichomo ardhini, lakini haileti ardhini kisichokuwamo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionesha kwamba, kwa wastani wa dunia, nafaka hunufaika na theluthi moja tu ya naitrojeni inayowekwa shambani, na sehemu iliyobaki huchukuliwa na mvua, hurudi hewani au hubaki udongoni bila kuufaa mmea uliokusudiwa. Hapo ndipo kijidudu kinapopata kazi yake halali, yaani kuwa kibarua wa kuokota kinachomwagika, si bwana shamba wa kuleta shehena mpya.

Wapo pia bakteria wa jamii za basilasi na sudomonasi, ambao hutoa asidi hafifu zenye uwezo wa kulegeza fosforasi iliyoshikwa na chembe za udongo, na wapo kuvu waitwao mikoriza, ambao nyuzi zao nyembamba kuliko unywele huanzia ndani ya mzizi na kutambaa mbali, zikiuletea mmea fosforasi na kupewa sukari kama malipo. Kuvu hawa wamekuwamo ardhini tangu kabla ya jembe la kwanza. Plau ya sahani inayopita shambani mara mbili au tatu kabla ya kupanda huzikata nyuzi zao, na fosforasi nyingi ya dukani huufanya mmea usiwahitaji tena na kuwanyima sukari. Mkulima anayenunua mikoriza kwenye kipakiti, kisha akalima na kutia mbolea vilevile kama zamani, anarudisha kwa fedha kile anachokiua kwa trekta.

Somo la Brazil na gunia moja la ziada

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika njia hii ni Brazil, na safari yake ilianza na mwanamke mmoja. Johanna Döbereiner, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyehamia Brazil baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi kwa miongo kadhaa katika kituo cha utafiti cha Seropédica, karibu na Rio de Janeiro, akisisitiza kwamba soya ya nchi hiyo ilelewe kwa bakteria badala ya naitrojeni ya kiwandani, wakati ambapo wengi waliona kuwa huko ni kurudi nyuma. Ni yeye na wenzake waliowapa azospirilamu jina lao la kisayansi mwaka 1978, na spishi mashuhuri kuliko zote ikabeba jina la Brazil yenyewe. Kazi hiyo iliendelezwa na watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa, akiwamo Mariangela Hungria, ambaye mwaka 2025 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Majaribio aliyoyaongoza na kuyachapisha mwaka 2010 yalionesha ongezeko la asilimia 13 hadi 18 katika ngano iliyopakwa aina teule za azospirilamu.

Takwimu hizo zinavutia, na kwa sababu hiyohiyo zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Aina hizo zilichaguliwa kwa ajili ya udongo, mbegu na hali ya hewa ya huko. Mwaka huohuo wa 2010, watafiti waliokusanya matokeo ya majaribio mengi ya azospirilamu kwenye ngano kutoka sehemu mbalimbali za dunia walipata wastani wa ongezeko la asilimia 8.9 ya nafaka, na wastani maana yake ni kwamba yapo mashamba yaliyopata zaidi na yapo yaliyoambulia patupu. Asilimia 8.9 ni nini kwa familia? Shamba linalotoa magunia 12 ya kilo 90 kwa ekari lingeongeza takriban gunia moja, na gunia moja, likisagwa kuwa unga mweupe, hutoa zaidi ya pakiti 30 za kilo mbili. Mkulima wa ekari tano hapo amepata karo ya muhula au sehemu nzuri ya malipo ya mashine ya kuvunia, ingawa hajatajirika. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakiwafariji maskini. Walikuwa wakieleza hesabu ambayo tangazo linaloahidi mavuno mara mbili haliijui.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba Brazil haikufika ilipofika kwa bakteria peke yao. Sheria za nchi hiyo zinaitaka mbolea ya rizobiamu iwe na angalau bakteria hai bilioni moja katika kila gramu au mililita, zinataja aina zinazoruhusiwa kuuzwa, na kuna maabara za kuikagua bidhaa kabla na baada ya kufika sokoni. Mkulima wa jimbo la Paraná anayefungua chupa yake anafungua pia kazi ya mkaguzi asiyemwona.

Mgeni na mwenyeji

Kiswahili kina methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijidudu kilichotoka maabara ni mgeni shambani, na anayetarajiwa kupona kwa ujio wake ni udongo uliochoka. Lakini mgeni akifikia nyumba inayoungua, atamponya nani? Sehemu kubwa ya ardhi inayolimwa ngano katika nyanda za juu za Uasin Gishu ina asidi nyingi, hali inayopimwa kwa kipimo cha pH, ambacho kadiri kinavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi. Kipimo kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini yaliyokuwa yametulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuziua ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa na alumini na chuma kiasi kwamba sehemu kubwa ya ile iliyonunuliwa kwa bei ghali hufungiwa papo hapo. Jambo la kusikitisha ni kwamba DAP yenyewe, mbolea inayotegemewa na karibu kila mpandaji, huongeza asidi hiyo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa amonia iliyomo hutoa asidi inapogeuzwa na bakteria wa udongo kuwa nitrati.

Inafaa kutafakari maana ya hali hiyo kwa chupa ya azospirilamu. Kazi yake ni kurefusha na kutawisha mizizi, nayo inamiminwa katika udongo unaounguza mizizi. Kazi ya basilasi ni kulegeza fosforasi, nayo inatumwa kushindana na alumini inayoifunga fosforasi hiyo upya kila siku. Dawa ya asidi ni chokaa ya kilimo, unga wa mawe kama ule unaotoka Koru, ambayo ni nzito kuisafirisha na haina tangazo la kupendeza, lakini bila hiyo pesa ya chupa imetupwa. Mpangilio wa haki ungeanza na kupima udongo, ukafuata chokaa pale inapohitajika, kisha vijidudu, na sera yoyote ya ruzuku inayogharimia mbolea bila kugharimia usafirishaji wa chokaa inalisha ugonjwa inaoutibu.

Hapa ndipo ardhi ya kukodi inapoingia, nayo ni suala zito kuliko linavyoonekana. Katika Narok, sehemu kubwa ya ngano hulimwa na wakulima wanaokodi ardhi ya Wamaasai kwa msimu au kwa miaka michache. Chokaa huhitaji muda kufanya kazi yake kikamilifu, na nyuzi za mikoriza huhitaji misimu kadhaa ya kulima kwa uangalifu ili zijengeke. Ni mpangaji gani atakayegharimia afya ya udongo ambao mwaka ujao huenda ukawa wa mpangaji mwingine? Mwenye ardhi naye, anayepokea kodi bila kushika plau, huona shamba likirudi mikononi mwake likiwa jepesi na lenye makovu ya mvua. Hakuna chupa itakayolitibu jambo hilo. Mikataba mirefu zaidi, yenye kifungu kinachomtaka mpangaji arudishe udongo ukiwa na pH isiyo chini ya ile aliyoikuta, ingefanya kwa ajili ya vijidudu vya Narok zaidi ya kampeni yoyote ya mauzo, na ingewafaa wafugaji ambao ardhi hiyo ni ya watoto wao.

Uhai ulio rafuni

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ingetosha kama mkulima angeweza kukiona anachokinunua. Mbolea ya chumvichumvi inaweza kuguswa na kutazamwa, na hata hivyo mwaka 2024 wakulima wa Kenya walijikuta wakiwa na mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyojazwa vitu visivyokuwa mbolea. Ikiwa mfuko wa kilo 50 unaweza kudanganya macho, vipi kuhusu mililita 200 za kimiminika ambacho bakteria wake, wazima au wafu, wana rangi ileile? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu bidhaa 65 za vijidudu ulionesha kuwa ni asilimia 37 tu zilizoweza kuitwa safi, na kwamba asilimia 40 hazikuwa na hata aina moja ya vijidudu vilivyotajwa kwenye lebo, bali wavamizi tu. Kwa mwenye ekari mbili na mkopo wa chama, hiyo ni bahati nasibu inayochezwa kwa chakula cha watoto.

Hata bidhaa njema huweza kufia njiani. Bakteria hawa huhitaji ubaridi na kivuli, huwa na tarehe ya mwisho iliyo karibu, na hufa kwa wingi wakiachwa ndani ya gari lililofungwa mchana. Mbegu nyingi zilizothibitishwa huuzwa zikiwa zimepakwa dawa ya kuzuia kuvu, na kupaka bakteria juu ya dawa hiyo mara nyingi ni kuwaua kwa mkono wa mwenye shamba. Ndiyo maana mahali pengine hushauriwa wamiminwe katika mfereji wa kupandia badala ya kupakwa kwenye mbegu. Ni lebo ngapi zinazoeleza hayo kwa Kiswahili, kwa maandishi yanayosomeka, pamoja na idadi ya vijidudu hai vinavyotarajiwa kuwamo siku ya mwisho wa matumizi na si siku ya kutoka kiwandani? Mwenye duka asiye na jokofu hapaswi kuruhusiwa kuviuza, kama ambavyo hakuna anayemruhusu kuuza chanjo za ng'ombe kutoka rafu ya dirishani.

Afrika Mashariki si mgeni wa kazi hii. Tangu mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kituo cha rasilimali za vijidudu, ambacho kiliandaa mbolea ya rizobiamu iitwayo BIOFIX, iliyohifadhiwa katika tope linalobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa, na ambayo baadaye ilianza kutengenezwa kibiashara na kampuni ya MEA. BIOFIX ni ya mikunde, lakini mkulima wa ngano asiidharau kwa sababu hiyo. Huenda kijidudu chenye faida ya uhakika zaidi kwake ni kile asichokipaka kwenye ngano kabisa: akibadilisha zao, akapanda maharagwe, njegere au soya zilizopakwa rizobiamu katika shamba lililozoea ngano baada ya ngano, masalia yenye naitrojeni hubaki kwa ajili ya ngano inayofuata, na magonjwa ya mizizi yanayoishi kwa kurithishwa kutoka ngano hadi ngano hukosa mwenyeji. Faida hiyo haihitaji kusubiri azospirilamu mpya ivumbuliwe.

Kazi inayosubiri Njoro

Kituo cha utafiti wa ngano cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya kuzalisha mbegu, tayari kimeonesha dunia namna ya kupima ngano kwa uaminifu. Baada ya aina ya ugonjwa wa kutu ya shina iitwayo Ug99 kugunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, mbegu kutoka nchi nyingi zilianza kuletwa Njoro mwaka 2005 na kupandwa katikati ya ugonjwa wenyewe, ili ionekane ipi inasimama na ipi inaanguka, na matokeo yakawafaa wakulima wa mabara mengine. Mashamba yaleyale, na macho yaleyale ya wataalamu, yangeweza kuzipima bidhaa za vijidudu zinazouzwa nchini, kwa misimu kadhaa, katika udongo wenye asidi na usio na asidi, pamoja na DAP kamili na DAP iliyopunguzwa, huku vituo vya utafiti vya Selian na Uyole upande wa Tanzania vikifanya vivyo hivyo katika udongo wa kwao.

Wakati kazi hiyo ikisubiriwa, mkulima anaweza kujilinda kwa njia isiyohitaji maabara. Anaponunua chupa kwa mara ya kwanza, aitumie katika sehemu ndogo ya shamba, asipunguze mbolea yake mwaka huo, aache ukanda wa upana uleule ndani ya shamba lilelile bila kuupaka kitu, na wakati wa kuvuna aupime kila ukanda kivyake kwa mzani na si kwa macho, kwa sababu ngano iliyopakwa huweza kuonekana ya kijani zaidi mwezi wa pili na bado isitoe punje zaidi. Vyama vya ushirika vikiyakusanya matokeo hayo ya mizani kutoka kwa wanachama 30 au 40 wa kata moja na kuyabandika ukutani mwa duka la pembejeo, kando ya bei ya DAP, kabla ya mbegu za msimu unaofuata kuanza kuuzwa, mnunuzi atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kufungua pochi yake.